Waliokwenda Mipangilio

Mama yake alipotea akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kila siku, miguu juu ya kigoda, miwani kwenye ncha ya pua. Hakuna aliyepiga kelele. Baba alikuwa barazani akizungusha gurudumu la baiskeli ya mteja na kulitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Simu ilikuwa mkononi mwa mama, na juu ya kioo chake palikuwa na kitufe kimoja cha buluu kilichoandikwa: Fungua Mipangilio. Mama akakigusa. Ukurasa mweupe ambao binti yake alikuwa ameutengeneza kwa jasho lake uliteleza ukatoweka, na mahali pake ikaja orodha ndefu ya kijivu: betri, hifadhi, arifa, data, mambo ya mashine yasiyo na uso wala salamu. Mama akaipandisha orodha kidogo kwa kidole, akaishusha. Kisha akatabasamu tabasamu la mgeni aliyeletewa chakula asichokitaka, akasema, "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akaichomeka simu chini ya mto.

Binti alikuwa amekaa kando yake, na aliyaona yote. Nyumbani bado walimwita Chiriku, kwa sababu utotoni hakuwahi kufunga mdomo, na jina lile lilikuwa limemganda hata baada ya kuanza kuota mvi. Kazini alikuwa mhandisi wa programu za simu, mtu wa kuaminiwa na mwenye kiti chake karibu na dirisha. Lakini pale sebuleni, mbele ya mto uliomeza simu, alibadili mazungumzo. Alijua kwamba mama hakuona chochote kizuri. Alijua pia kwamba mama alikuwa anamsitiri.

Mama alikuwa amefundisha maisha yake yote. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na hata mumewe alimwita hivyo, kwanza kwa utani wa uchumba, baadaye kwa mazoea, na sasa kwa heshima iliyochanganyika na yote mawili. Alikuwa mtu wa neno la mwisho. Mgomvi akija kwake na mashitaka, aliondoka na mashitaka yake yamesahihishwa sarufi. Halafu masikio yake yakaanza kuvuja. Kwanza zilimtoka sauti za ndege, kisha kengele, kisha minong'ono ya wajukuu, na hatimaye watu wazima nao wakaanza kumponyoka mmoja mmoja. Sikio la kushoto lilibaki na tone, nalo lilikusanya maneno ya mtu aliyemkaribia na kumwonyesha midomo. Vifaa vya masikioni alivijaribu akavitia kabatini. "Vinanipigia filimbi kama refa," alisema, "na sijui nimecheza rafu gani." Tangu hapo alikaa katikati ya jamaa zake akicheka nyuma ya wengine, kama mtu anayelifukuza gari ambalo limekwisha kuondoka.

Ndiyo maana Chiriku aliiwaza programu ile. Kwenye kikao cha ofisini alieleza habari za watumiaji wenye usikivu hafifu na mahitaji yao, lakini moyoni mtumiaji alikuwa mmoja tu. Programu ilisikiliza mazungumzo na kuyaandika papo hapo kwa herufi kubwa, ili asiyesikia asome. Ilihitaji kitu kimoja: ruhusa ya kutumia maikrofoni ya simu. Mara ya kwanza simu yenyewe huuliza, na mtu akikubali, mambo yamekwisha. Lakini mama alikuwa ameonywa na wanawe wote asikubali kila anachoulizwa na simu, maana wezi ni wengi. Simu ilipouliza, akajibu kwa ushupavu: Usiruhusu. Na simu ikikataliwa haiulizi tena. Anayetaka kubadili neno lake sharti aondoke ndani ya programu, aende kwenye Mipangilio, atafute ruhusa, aiwashe, kisha ajirudishe mwenyewe.

Jumatatu, mkuu wa idara aliwaita kwenye chumba cha mikutano na kuwasha ubao. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno, asiyependa kupaka mafuta jambo chungu.

"Hawa wanakwenda Mipangilio," alisema, akiuonyesha mstari mnene kwenye chati. Kisha akauonyesha mwingine, mwembamba kama uzi. "Na hawa ndio wanaorudi. Kila tunayemtuma kule ni kunguru wa Nuhu, harudi safinani."

Wengine wakacheka. Chiriku hakucheka.

"Programu ni nzuri," mkuu aliendelea, "lakini haina watu. Mkishindwa kuwarudisha mwezi huu, nitawahamishia kwenye kazi nyingine."

Chiriku alirudi mezani kwake akafanya alichokuwa akikifanya kila mara mambo yalipomwendea kombo: akaongeza maneno. Chini ya kile kitufe cha buluu aliandika maelezo. Kwanza fanya hivi, kisha vile. Usipoona hiki, tafuta kile. Akaweka mishale. Akaweka picha. Akaweka onyo lenye rangi ya chungwa. Ulipofika mchana ukurasa ulikuwa umejaa kama sanduku la msafiri asiyejua anakokwenda.

Aliyekaa naye jirani alikuwa msanifu wa kurasa, bwana mnene mwenye sauti ya taratibu. Ofisi nzima ilimwita Mjomba ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja humo. Alisukuma kiti chake mpaka kwenye meza ya Chiriku, akausoma ukurasa wote bila haraka, akashusha pumzi.

"Maelezo mazuri sana haya. Tatizo lake ni moja tu: msomaji wake ni wewe."

"Sasa nifanyeje? Wanapotea."

"Wanapotelea wapi?"

"Huko Mipangilio. Umeona chati."

"Chati imekwambia hawarudi. Haijakwambia kwa nini." Mjomba alijikuna kidevu. "Umewahi kumtazama mtu mmoja tu, akienda na akirudi?"

"Nimemtazama mama yangu."

"Ulimtazama, au ulimwonyesha?"

Chiriku alikumbuka jinsi kila alipokwenda nyumbani alivyosema, "Lete, Mama," akainyakua ile simu, akabonyeza huku na huku kwa vidole vya mtu mwenye haraka, na kuirudisha akiamini iko tayari. Kabla hajafika kwake, ilikuwa imeharibika tena. Hata juzi, alipoamua kumwacha ajaribu mwenyewe, hakumwacha hadi mwisho. Mto ulipoimeza simu, yeye alibadili mazungumzo.

"Nenda nyumbani," alisema Mjomba. "Kaa juu ya mikono yako. Ukisikia kuwashwa, zidi kuikalia."

Jumamosi asubuhi alimkuta mama akichambua mboga kwenye ungo. Akasogeza kigoda upande wa sikio la kushoto, akamwinamia.

"Mama, leo nimekuja kujifunza. Utafanya mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi sisemi neno."

Mama aliweka ungo chini. "Chiriku asiseme neno? Mwambie baba yako aite majirani waje washuhudie."

Hata hivyo aliinuka, akanawa mikono, akaitoa simu chini ya mto na kuketi wima kama mtahiniwa. Akafungua programu. Akausoma ukurasa wote, maana Mwalimu haruki sentensi. Akagusa kitufe cha buluu. Ile orodha ya kijivu ilipotokea, Chiriku aliikalia mikono yake kwa uzito wake wote. Mama alipanda na kushuka. Alifungua mahali pasipo penyewe akatoka bila fadhaa. Akaona neno Ruhusa, akaligusa. Akaona Maikrofoni, akaigusa. Akayasoma machaguo yote, la mwisho akalisoma mara mbili, kisha akarudi juu na kuchagua lililo sawa.

Chiriku nusura aruke. Kumbe alijua! Kumbe njia aliiona!

Mama alitoka Mipangilio, akaitafuta programu kati ya picha ndogo ndogo za simu yake, akaifungua. Na programu, badala ya kuanza kusikiliza, ikamwekea usoni ukurasa uleule aliouacha: Tunahitaji ruhusa yako. Fungua Mipangilio.

"Umeona?" alisema mama. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kuzoea. "Hivi ndivyo inavyonifanya. Nakwenda, nafanya, narudi, nayo inanitazama kama haijapata kuniona. Basi nakwenda tena. Nikifika kule nakuta pale nilipogusa pameshaguswa. Nafikiri, labda hapa ndipo nilipokosea. Nagusa pengine."

"Unagusa wapi?" Chiriku aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Mama akamwonyesha. Ilikuwa Usiruhusu.

Kwa hiyo alikuwa akitoa ruhusa na kuipokonya, akitoa na kuipokonya, kwa utiifu, kwa kuwa mashine ilimwambia hajafanya. Hakuwa amepotelea Mipangilio hata siku moja. Alikwenda, akarudi, na aliporudi hakupokelewa. Chiriku aliuona mstari wenyewe wa programu kichwani mwake, mstari alioutunga kwa mkono wake: ukurasa ule uliitazama ruhusa mara moja tu, programu ilipoanza kuamka. Mtu akienda na kurudi, ulibaki umelala na maneno yake ya awali mdomoni. Yeye hakuliona kosa hilo kwa sababu kila alipojaribu programu ofisini aliizima na kuiwasha upya. Mwenye nyumba hupita mlango wa nyuma, hajui kama wa mbele una komeo.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungeniuliza nimebonyeza nini. Nami sikujua nimebonyeza nini." Mama alikunja pindo la kanga yake. "Nikasema, mtoto amehangaika, nisimvunje moyo."

"Kosa ni langu," alisema Chiriku, lakini alisema huku ameinamia simu, na maneno yakaanguka sakafuni.

"Umesema?"

"Si kitu, Mama."

Yalimtoka yenyewe. Hata yeye hakujua kwamba ameyasema mpaka alipoinua macho na kumwona mama amenyamaza, si ukimya wa asiyesikia, bali wa aliyesikia vizuri sana.

"Hayo," alisema mama polepole, "ndiyo maneno ninayoyasoma kuliko yote. Midomo ikisema si kitu, naiona hata ng'ambo ya barabara. Mnacheka, nauliza, si kitu. Mnabishana, nauliza, si kitu. Siku mlipozungumza habari za kuiuza nyumba hii, mmeketi hapahapa, nikauliza, mkasema si kitu." Akaupangusa mvuke usiokuwapo kwenye kioo cha simu. "Siwalaumu. Kurudia kunachosha. Kwani mimi sikufundisha? Lakini na kuuliza nako kunachosha, mwanangu."

Chiriku aliona aibu ikimpanda kutoka nyayoni. Alitaka kujitetea, alikuwa na mengi ya kusema, kama kawaida yake. Alikuwa ametumia miezi mingi kutengeneza chombo cha kumrudishia mama maneno ya watu, na katika miezi hiyohiyo hakuwa na subira ya kuyarudia yake mwenyewe. Akasogea, akaushika uso wa mama kwa viganja viwili, akasema wazi, neno baada ya neno:

"Nimesema kosa ni langu. Wewe ulifanya sawasawa tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Programu ndiyo haikukuona uliporudi."

Uso wa mama ulifunguka ndani ya vile viganja. Akageukia mlangoni, akapaza sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima. "Fundi! Fundi, sikia! Nilikuwa sahihi!"

Baba aliingia nusu, mikono imejaa grisi, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Mama alikuwa amekwisha kumpa kisogo akitafuta miwani yake iliyoanguka. "Lini hukuwa sahihi?" baba akajibu kwa sauti ya chini, kisha akaongeza maneno mengine ya chinichini, akielekea tena barazani.

"Baba," Chiriku alimwita, "mbona unazungumza naye akiwa amekupa mgongo?"

Mzee akasimama. Akalitazama swali lile kama mtu anayetazama pancha ambayo haoni tundu lake.

"Nimezoea tu," alisema. "Nikinyamaza, nyumba inakuwa kubwa."

"Amesema nini?" mama akauliza.

Safari hii Chiriku alimsogelea. "Ameuliza, lini hukuwa sahihi."

"Mwone!" alisema mama, na masikio yake yote mawili, zima na bovu, yakawaka kwa furaha.

Wiki iliyofuata kazi ilikwenda kwa Chiriku kwa namna ambayo hakuizoea, maana alifuta kuliko alivyoandika. Mishale ikaondoka, onyo la chungwa likaondoka. Akaufundisha ukurasa kuwa macho: kila mtu aliyetoka na kurudi, aangaliwe upya. Akiwa ametoa ruhusa, asiulizwe neno. Programu imfungulie palepale alipokuwa anakwenda na ianze kusikiliza. Akiwa hajatoa, asikute maneno yaleyale ya kwanza kana kwamba hakutoka, bali aonyeshwe picha ya mahali penyewe na kuulizwa kama angependa kujaribu tena au kuendelea kwa kuandikiana.

Walibishana na Mjomba kwa sababu ya maneno mawili tu. Chiriku alitaka anayerudi aone "Karibu tena."

"Anaona kwamba imefunguka," alisema Mjomba. "Inatosha. Mlango uliofunguliwa hauhitaji kusema umefunguliwa."

"Lakini mtu akirudi anataka kujua ameonekana."

Mjomba alifikiri, akaipima hoja kama mtu anayepima chumvi ulimini. "Basi yaweke. Lakini yapite haraka, yasijifanye mwenyeji anayeziba njia."

Walipotoa toleo jipya, mstari ule mwembamba kwenye ubao wa mkuu ulianza kunenepa. Haukuwa mnene wa kujivunia. Bado walikuwapo waliokwenda wasirudi. Mkuu aliutazama kwa muda, akazima ubao, akasema, "Naona kunguru wameanza kukumbuka nyumbani. Endeleeni na kazi yenu." Kutoka kwake, ilikuwa hotuba.

Chiriku aliisikia kwa sikio moja. Alikuwa na safari.

Alasiri ile jua lilikuwa limeingia sebuleni mpaka kwenye miguu ya viti. Mama aliwekewa toleo jipya, akakaa wima, akapita njia yake aliyokuwa akiijua kuliko watu wote waliolipwa kuitengeneza. Akatoa ruhusa. Akarudi. Maneno mawili yakapita kwenye kioo kama mtu anayepunga mkono kutoka dirishani, kisha ukurasa ukafunguka, mtupu, ukisubiri.

"Mama, unaniona?" alisema Chiriku. Alikuwa amekaa upande wa kulia, upande wa sikio lililokufa, na alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Herufi zikajitokeza moja nyuma ya nyingine, kubwa na nyeusi: Mama unaniona

Mama akasoma. Kidole chake kikabaki hewani. Kitu kikapita usoni mwake, kikakaribia machoni, naye akakimeza kiume.

"Haikuweka koma," alisema. "Wala alama ya kuuliza."

"Nitairekebisha, Mwalimu."

Nitairekebisha mwalimu, ikaandika programu.

"Na 'Mwalimu' hapa ni kwa herufi kubwa," alisema mama, kisha akacheka hadi miwani ikamdondokea kifuani. Chiriku naye akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakukuwa na aliyetangulia wala aliyefuata.

Wakamwita baba. Alikuja akijifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe, akasimama kizingitini kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Sema kitu," mama alimwamuru, akiielekeza simu kwake.

"Niseme nini?"

Niseme nini, mama akasoma. Akainua macho kumtazama mumewe, akayarudisha kwenye kioo, akayainua tena, kama anayelinganisha nakala na asili.

"Chochote."

Baba akakohoa. Programu haikuona cha kuandika. Mtu aliyekuwa akizungumza na kisogo kila siku, asubuhi akijaza mabirika, jioni akifunga madirisha, sasa alikuwa amefungwa ulimi na uso ulioelekezwa kwake.

"Mbona kila siku unasema?" mama alimuuliza, sasa kwa upole. "Nauona mdomo wako ukienda. Nilifikiri unaimba."

"Nilikuwa nasema tu."

"Basi sema hayohayo."

Baba alimtupia binti yake jicho. Akajikuna shingo kwa kidole chenye grisi, akaacha alama nyeusi. "Chiriku," alisema, "hebu nenda uani ukaanue nguo. Mvua inakuja."

Chiriku akaangalia dirishani. Mbingu ilikuwa kavu kama kigae. Akaangalia kioo cha simu, ambako mvua ile ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mama akiisoma kwa uso mkavu kuliko mbingu.

"Nakwenda, Baba," alisema.

Uani shuka na mashati yalikuwa yakipepea katika jua kali. Aliligusa la kwanza; bado lilikuwa bichi. Akaliacha. Akatembea polepole kando ya kamba mpaka kwenye dirisha la sebuleni, akasimama mahali ambapo shuka moja jeupe lilimkinga. Kupitia kioo alimwona baba amevuta kigoda, amekaa mbele ya mama, viwiko juu ya magoti, ameinama kama anayetafuta tundu la pancha ndani ya maji. Midomo yake ilianza kwenda, kwanza kwa kusitasita, kisha bila kituo. Mama alisoma. Akaweka mkono mdomoni. Akasema kitu, baba akatikisa kichwa kukataa, akaendelea.

Chiriku alijaribu kuisoma midomo ya baba, lakini hakuweza kupata hata neno. Upepo ukalisukuma shuka likamfunika uso, baridi na lenye harufu ya sabuni. Alipolisogeza pembeni, kigoda kilikuwa kimesogea mbele zaidi, simu ilikuwa imelala juu ya goti la mama, na baba alikuwa bado anasema.